Binti wa Konyo Konyo na Weusi Chini ya Macho

Sogeeni karibu, wanangu. Mlio nyuma msisukumane, hadithi inawatosha wote. Ni ya binti mmoja wa Juba aliyetaka kuufuta uso wake mwenyewe. Jina lake silitaji, kwa kuwa mabinti wa namna yake ni wengi, wavulana nao wamo, na huenda mmoja wao ameketi hapa hapa ananisikiliza.

Binti alikuwa na miaka 12, yuko darasa la sita. Mama yake aliuza chai chini ya mwembe, si mbali na soko la Konyo Konyo. Mali yake yote ilikuwa pale: jiko la mkaa, birika mbili, vikombe vya kioo, kopo la tangawizi iliyotwangwa, na viti vya plastiki ambavyo usiku vilipangwa kimoja juu ya kingine na kufungwa kamba. Kwa wateja mama aliongea Kiarabu cha Juba. Kwa binti yake aliongea Kiswahili, maana yeye mwenyewe alikulia Kakuma, kule Turkana nchini Kenya, kwenye kambi iliyofunguliwa mwaka 1992 na kulea maelfu ya watoto wa Sudan Kusini.

Basi asubuhi moja, mwalimu hajaingia darasani, mvulana wa dawati la mbele aligeuka, akamkazia binti macho. "Wewe," akasema kwa sauti ya kusikika mpaka darasa la jirani, "nani amekupiga?"

Hakuna aliyempiga. Ila chini ya macho yake yote mawili palikuwa na weusi, umeanzia karibu na pua na kupinda kufuata mfupa wa jicho. Darasa likaangua kicheko. Kufikia mapumziko binti alikwisha kubandikwa jina: Bundi. Na bundi mnajua anavyochukuliwa kwetu. Akitua juu ya paa, watu wanaokota mawe. Jina lile lilimwingia moyoni likakaa huko.

Aliporudi nyumbani akachukua sabuni ya kufulia na kitambaa, akasugua. Kesho yake akasugua tena. Ngozi ikawasha, ikavimba, na weusi ukazidi. Ndipo akakumbuka kibanda kimoja pale sokoni kinachouza mafuta ya nywele, hereni na vikopo vya krimu vyenye picha za wanawake weupe. Muuzaji alikwisha kumwambia siku nyingi, "Dada mdogo, hii paka wiki moja tu, utang'aa." Binti akaanza kuweka akiba, noti moja moja, akizifunga kwenye pindo la leso.

Mama akaligundua lile fundo. Hakumgombeza. Alisema tu, "Pesa ni yako. Lakini kabla hujanunua, muulize Sista."

Sista alikuwa mwuguzi wa zahanati ya jirani. Kila alasiri akitoka kazini alipita pale mwembeni kunywa chai ya tangawizi, miguu ameinyoosha, viatu amevivua.

"Shikamoo, Sista."

"Marahaba, mwanangu. Mbona uso umeuinamisha?"

Binti akaeleza yote, jina la Bundi, sabuni ya kufulia, mpaka habari ya krimu. Sista akaweka kikombe chini. "Kitu hukiondoi kabla hujajua kimekujaje. Nenda kwa yule mama anayepika maharagwe, muombe kitunguu."

Kitunguu kikaletwa. Sista akakikata katikati, akabandua tabaka moja nene, na chini ya tabaka lile akavuta kwa kucha utando mwembamba, ule unaoteleza vidoleni. Akafungua daftari la binti. Kwanza akaweka tabaka nene juu ya mwandiko, na mwandiko ukapotea. Kisha akaliondoa akatandaza ule utando. Kila herufi ikasomeka.

"Ngozi ya unyayo wako ndiyo lile tabaka nene," akasema. "Ya chini ya jicho ndiyo huu utando."

Na ndivyo ilivyo. Jaribuni wenyewe jioni hii, kitunguu hakikosekani jikoni. Ngozi ya kope na ya chini ya jicho ndiyo nyembamba kuliko zote mwilini, unene wake karibu nusu milimita. Sehemu nyingine za uso zina mafuta chini ya ngozi. Hapo chini ya jicho mafuta ni haba mno. Chini yake kuna msuli wa mviringo unaofumba jicho, na vena nyembamba zinazorudisha damu iliyokwisha kutumika, damu ya rangi nzito. Mtu akikutazama, anaona vilivyo chini kupitia utando. Kwa hiyo si uchafu, wala sabuni haifiki huko.

Binti akauliza kama watu wote wana ngozi hiyo nyembamba. Wote. Basi mbona si wote wenye weusi? Hapo Sista akacheka, akasema ameuliza swali la daktari.

Akamwomba mama kioo, akawasha tochi ya simu. "Angalia kwanza hivi hivi." Jua lilikuwa juu, na mwanga wa juu hutia kivuli kwenye kila bonde la uso. Kati ya jicho na shavu pana bonde dogo, kwa wengine la kina, kwa wengine si la kina. "Sasa inua uso, nami nikumulike mbele." Sehemu ya weusi ikaondoka palepale. Ile ilikuwa kivuli tu. Lakini sehemu kubwa ilibaki.

Halafu Sista akanawa mikono, akaweka ncha ya kidole pembeni mwa jicho na kuvuta ngozi taratibu sana kuelekea sikioni. Pale katikati rangi ilivutika pamoja na ngozi bila kubadilika. Hiyo ni rangi ya ngozi yenyewe. Karibu na pua ngozi ilipovutika ikazidi kuonyesha, rangi ikaelekea buluu. Hizo ni vena. "Una vitu vitatu kwa wakati mmoja," Sista akasema. "Na krimu ya pale sokoni haijui hata kimoja." Wanangu, shikeni hapo. Wengi wenye weusi chini ya macho wana sababu zaidi ya moja, na ndiyo maana dawa iliyomfaa jirani inaweza isikufae wewe.

Alasiri ya pili haboba wa binti alikuwepo, mama mzaa mama yake, amekuja na kikapu cha bamia. Sista akamtazama bibi, akamtazama mama, akamtazama binti. Nyuso tatu, alama moja.

Ngozi ina chembe zinazotengeneza rangi iitwayo melanini. Juba iko karibu digrii 5 tu kaskazini ya Ikweta, jua linapiga mwaka mzima, na melanini ndiyo kinga ya ngozi dhidi ya miale yake. Watu wa nchi hii wamejaliwa kinga hiyo kwa wingi kuliko karibu watu wote duniani. Katika koo nyingine chembe zile huweka rangi zaidi kuzunguka macho, jambo linaloanza utotoni na kurithiwa, nalo si ugonjwa. Hata ukilala siku nzima haliondoki.

"Mimi nimezaliwa nao," haboba akasema, "nimeolewa nao, na katika mahari yangu hakuna ng'ombe aliyepunguzwa kwa ajili hiyo."

Mwembe mzima ukacheka, wateja na wenye bodaboda. Binti naye akacheka, kwa mara ya kwanza wiki ile.

Lakini Sista hakuishia hapo. "Unalala saa ngapi?"

Binti akanyamaza. Mama ndiye aliyejibu, tena kwa sauti ya chini. Vikombe huoshwa usiku, baada ya mteja wa mwisho. Binti hulala saa tano. Saa kumi na nusu alfajiri anaamka kuwasha mkaa. Mtoto wa miaka 6 mpaka 12 anahitaji kulala kwa muda wa saa 9 mpaka 12. Kijana wa miaka 13 mpaka 18 anahitaji saa 8 mpaka 10. Huyu alikuwa akipata tano na nusu. Na hizo tano na nusu zenyewe zilikuwa za taabu, maana nyumba ya mabati hukaa na joto la mchana mpaka usiku wa manane, na jenereta la jirani linanguruma ukutani.

Nataka niseme jambo hapa. Watu wazima wepesi wa kusema mtoto anayesinzia darasani ni mvivu hawajalala chini ya mabati mwezi wa Februari. Mwezi wa Machi 2024 serikali ya Sudan Kusini ilifunga shule kwa sababu joto lilitarajiwa kufika nyuzi 45. Februari 2025 ikazifunga tena kwa wiki mbili, baada ya wanafunzi wa Juba kuanguka na kuzimia. Mtoto wa namna hii hajakataa usingizi. Amenyimwa.

Wapo pia wanaojinyima wenyewe, nanyi mnajijua. Ulaya ikiwa majira ya baridi, mechi nyingi za Ligi ya Mabingwa huanza Juba saa nne usiku na kwisha karibu saa sita. Na simu je? Mwili una saa yake ya ndani, nayo hufuata mwanga. Tangu 1 Februari 2021, saa za Sudan Kusini ziliporudishwa nyuma kwa saa moja, jua la Juba huchomoza karibu na saa kumi na mbili asubuhi na kuzama karibu na saa kumi na mbili jioni. Mwanga wa simu usoni usiku huuambia ubongo kwamba jua bado liko juu.

Kule Stockholm, Uswidi, watafiti walichapisha jaribio mwaka 2013. Walipiga picha watu 10 mara mbili, mara moja wakiwa wamelala vizuri na mara nyingine wakiwa wamekesha kwa saa 31. Kisha watu wengine 40 wakapewa zile picha wazipime. Nyuso za waliokesha zilionekana zenye kope zilizolegea, macho mekundu yaliyovimba, na weusi zaidi chini ya macho. Zilionekana pia za huzuni. Bila usingizi ngozi hufifia, maji hukusanyika chini ya jicho, uvimbe ukatia kivuli, na vilivyo chini ya utando vikazidi kuonekana. Usingizi hauumbi alama ya haboba, lakini kuukosa huitangaza.

Mama akasikia. Tangu siku ile vikombe vikaoshwa mapema, na anayetaka chai usiku alinywea kikombe cha mwisho kilichobaki. Kwa kuwa ndani hakulaliki, wakafunga chandarua uani, kamba moja kwenye ukuta na nyingine kwenye mti, godoro chini yake. Sista alisisitiza chandarua kuliko godoro. Mbu wa malaria huuma usiku, na malaria huvunja chembe nyekundu za damu.

Hapo akakumbuka kitu. Akamwambia binti atazame juu, akashusha kope la chini kwa kidole gumba kilichooshwa. Ndani ya kope la mtu mwenye damu ya kutosha ni pekundu. La binti lilikuwa la waridi hafifu. "Kesho njooni zahanati."

Walikwenda. Akachomwa kidole, tone la damu likapimwa. Vimelea vya malaria havikuwepo, ila damu ilikuwa imepungua. Mwenye upungufu wa damu hupauka ngozi, na palipo na ngozi iliyopauka vena za chini ya jicho hujitokeza. Binti akapewa dawa ya minyoo, maana wapo minyoo wanaonyonya damu tumboni, na vidonge vya madini ya chuma vilivyohesabiwa. Vidonge hivyo havinunuliwi kienyeji sokoni wala haviachwi mtoto mdogo anapoweza kuvifikia, vinaweza kumuua.

Na chakula? Chakula kizuri kilikuwapo nyumbani kwao: kombo, zile mboga za majani zilizopikwa kwa karanga, maharagwe, samaki wa mtoni, siku moja moja ini. Shida ilikuwa chai. Binti wa muuza chai alikunywa chai kwa kila mlo, tena ya rangi, nzito. Chai hukamata madini ya chuma tumboni, yakapita bila kuingia kwenye damu.

"Sista, unataka kunivunjia biashara?" mama akauliza.

"Uza, dada yangu, nami nitanunua. Ila mtoto asinywe pamoja na chakula. Asubiri saa moja ipite. Pamoja na chakula mpe limau, au embe, hapa juu zimejaa."

Limau na embe zina vitamini C, na vitamini C huufungua mlango ule ule uliofungwa na chai.

Kwa macho yake mwenyewe Sista akaona jambo jingine, ambalo hakuna aliyemwambia. Kila baada ya dakika chache binti alisukuma pua kwa kiganja, kuelekea juu, halafu akafikicha macho. Juu ya pua yake, chini kidogo ya katikati, kulikuwa na mstari mwembamba wa kukunjamana. Mstari ule hutokea kwa watoto wanaosugua pua kwa muda mrefu, na madaktari wakiuona hujua kuna mzio. Kuanzia Desemba mpaka Machi Juba ni vumbi, na binti aliongezewa moshi wa mkaa. Pua yenye mzio huvimba ndani. Vena za chini ya jicho hupitisha damu yake jirani na hapo, na pua ikivimba huzibana, damu inachelewa kushuka, inakusanyika na kuonekana nyeusi. Mtoto akifikicha ndiyo anazidisha. Ngozi yetu yenye melanini nyingi, ukiiwasha kwa kusugua kila siku, hujibu kwa kuongeza rangi pale pale iliposuguliwa. Zile siku mbili za sabuni ya kufulia hazikusaidia.

Basi akaacha kukaa upande ambao moshi unaelekea. Akirudi shuleni alinawa uso kwa maji safi, akajikausha kwa kugusa tu bila kusugua. Macho yakiwasha, aliloweka kitambaa kwenye maji ya mtungi, akakikamua, akalala chali akakiweka juu ya macho yaliyofumbwa kwa dakika 10. Mtungi wa udongo hutoa jasho, lile jasho likikauka linaondoka na joto, ndiyo maana maji yake ni baridi hata pasipo na umeme. Baridi husinyaza mishipa, na uvimbe hushuka. Ni nafuu ya muda, ya saa chache, lakini ni nafuu. Kitambaa kilikuwa chake peke yake. Hili nalirudia: kitambaa cha uso hakiazimwi. Sudan Kusini ni miongoni mwa nchi zinazoteswa zaidi na trakoma, ugonjwa wa macho unaopofusha, nao hupita kwa mikono, kwa inzi, na kwa kitambaa kimoja kinachofuta nyuso za watoto watano. Kwa mzio wenyewe Sista alimpa dawa ya zahanati, naye akaambiwa arudi kama haimfai.

Sasa turudi kwenye fundo la leso, maana bado lilikuwepo.

"Sista, na krimu?"

Sista akasema ailete aione. Binti akaenda kuiazima kwa muuzaji. Kikopo kidogo, mfuniko wa dhahabu, hakuna orodha ya kilichomo, hakuna jina la kiwanda. Sista akakizungusha mkononi, akakirudisha mezani bila kukifungua.

Krimu za kujichubua mara nyingi huwa na kimoja kati ya vitu vitatu, au vyote. Kuna zebaki, sumu inayopenya ngozi na kuharibu figo na mishipa ya fahamu. Mkataba wa Minamata, uliopitishwa na mataifa mwaka 2013 ili kuidhibiti zebaki, unavitaja vipodozi hivi waziwazi. Kuna haidrokwinoni, ambayo ikitumiwa muda mrefu inaweza kuiacha ngozi na mabaka meusi yenye buluu, mabaka magumu kuondoka kuliko yale mtu aliyoanza nayo. Bunge la Afrika Mashariki lilipitisha azimio mwaka 2018 kutaka sabuni na vipodozi vyenye haidrokwinoni vipigwe marufuku katika nchi zote za Jumuiya, na Sudan Kusini imo tangu 2016. Kuna pia steroidi. Hii ni dawa, na daktari akiiandika kwa kipimo ina kazi yake. Lakini ikipakwa ovyo karibu na jicho huifanya ngozi ile nyembamba izidi kuwa nyembamba, halafu inaweza kupandisha presha ndani ya jicho na kuleta mtoto wa jicho kwa mtu ambaye hajazeeka. Mtu anaanza akitafuta uso mweupe, anaishia haoni uso wowote.

Mimi hasira yangu iko hapa. Zile picha za vikopo zinawaambia watoto wa Juba kwamba rangi yao ni doa la kufutwa. Alek Wek alizaliwa Wau, nchi hii hii, mwaka 1977. Vita vilimfikisha London mwaka 1991, na mwaka 1997 uso wake ukawa kwenye jalada la jarida la Elle la Marekani, rangi yake vilevile alivyozaliwa nayo. Hakuchubua hata kidole.

Haboba alikuwa akisikiliza kimya, mkono ameuficha. Mwishowe akatoa kichupa cha kuhul, wanja wa unga aliojipaka macho miaka yote, na alikuwa amekusudia kumpaka mjukuu siku ya arusi ya jirani. "Na hii je?"

Sista alimjibu kwa heshima, akiwa amepiga magoti. Wanja mwingine wa kienyeji husagwa kutokana na jiwe lenye madini ya risasi, na risasi hudhuru ubongo wa mtoto. Kwa kutazama tu huwezi kujua upi unayo na upi hauna. "Wewe, haboba, umekwisha kukua. Huyu ubongo wake bado unajengwa." Haboba akakirudisha kichupa kifuani. Siku ya arusi binti alikwenda na uso mtupu, kichwani amesukwa.

Mvua za kwanza zilipozima vumbi, uvimbe ulikuwa umekwisha. Ile buluu ya karibu na pua ilikuwa imefifia sana, na ndani ya kope palikuwa pekundu. Rangi ya katikati, ile ya haboba, ilibaki. Sista hakumdanganya. Alimwambia hiyo atakuwa nayo, avae kofia juani isizidi, na aiache. Akamweleza pia dalili za kumkimbiza mtu kwa daktari: weusi unaotokea upande mmoja tu bila sababu, jicho linalotokeza nje, uso unaoamka umevimba pamoja na miguu, kwa kuwa hapo figo huenda zinaumwa. "Na wa mwisho," akasema, "ni mtu aliyepigwa kichwa. Akianguka leo, na kesho au kesho kutwa macho yake yote mawili yakawa meusi pande zote, usingoje jioni."

Binti aliyaweka hayo kichwani, pamoja na yote Sista aliyomfafanulia. Na yalikaa muda mfupi tu kabla ya kutakiwa.

Embe zilikuwa zimeiva, na mvulana wa darasa la nne akaanguka kutoka kwenye mwembe wa shule. Alisimama, akajipangusa vumbi, akaendelea na mchezo. Siku ya pili yake alikuja shuleni macho yote mawili yamezungukwa na weusi wa kuvilia damu. Wenzake wakapiga kelele kwamba Bundi amepata ndugu. Binti hakuwajibu. Akamfuata mtoto mpaka alipokaa, akamuuliza kichwa kinamuuma? Kinauma. Alitapika? Usiku, mara mbili. Kisha akaona tone la maji safi linadondoka kutoka pua moja, mtoto hana mafua.

Akaenda moja kwa moja ofisini. "Mwalimu, huyu asisubiri mama yake. Mfupa wa ndani ya kichwa unaweza kuwa umepasuka. Asipenge pua, na asipakiwe bodaboda."

Mwalimu alimtazama kidogo, kisha akaita gari. Juba Teaching Hospital wakampokea, wakampiga picha ya kichwa, wakakuta ufa kwenye mfupa wa chini ya fuvu. Damu ya pale ndiyo iliyotambaa mpaka kwenye ile ngozi nyembamba ikaonekana, na yale maji yalikuwa ya kuzunguka ubongo. Daktari alimwambia mama wa mvulana kwamba ufa wa namna ile mara nyingi huunga wenyewe mtoto akitulia na kuangaliwa. Hatari ni vijidudu kupata njia ya kuingia pale maji yanapotokea, na kwa sababu hiyo wakamlaza. Alirudi shuleni muhula unakaribia kwisha, akili timamu, pua kavu, amekatazwa kupanda miti mpaka daktari aruhusu.